Bwawa la udongo la shambani: je, tunaweza kuogelea humo na kujenga vibanda chini ya tuta?

*"Mtaalamu, hongera kwa kazi. Nimenunua shamba lenye bwawa la udongo ambalo mwenye shamba wa kwanza alilijenga zaidi ya miaka 30 iliyopita kwa ajili ya mifugo na umwagiliaji. Tuta lina kimo cha mita 5 hivi. Likijaa, maji huenea kama hekta moja, na karibu na tuta kina ni kama mita 4. Tunataka familia na marafiki waje siku za mapumziko waogelee, wavue na kupanda mtumbwi, na tumepanga kujenga vibanda vitatu vya kulala wageni pale chini ya tuta, kwenye tambarare. Juu ya tuta kuna miti mikubwa yenye kivuli kizuri, nisingependa kuikata. Yanayonisumbua ni mawili. Chini ya tuta, karibu na bomba la zamani, kuna mahali hapakauki hata kiangazi, majani ni ya kijani mwaka mzima. Pili, mvua zilizopita maji yalipanda hadi yakabakiza nusu mita tu kufika juu ya tuta. Fundi anasema tupige zege pale penye unyevu tuachane na hayo. Jirani anasema udongo uliokaa miaka yote hiyo umeshashikana, hauendi popote. Mwaka jana niliweka wavu kwenye njia ya kutokea maji ili samaki wasitoroke. Je, tuko salama? Na watoto wanaweza kuogelea?"*

Ndugu msomaji, asante kwa swali lenye vipimo ndani yake. Wengi huandika "bwawa langu linavuja, nifanyeje" na kuishia hapo. Wewe umetaja kimo, kina, eneo la maji na mahali hasa penye unyevu, kwa hiyo naweza kukujibu kwa mambo yanayolihusu bwawa lako. Naona unauliza mawili kwa pamoja: kama tuta litasimama, na kama watu watakaokuja kustarehe watarudi kwao salama. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu mipango yako ya starehe ndiyo inayoligeuza kuwa zito.

Nianze na ya kufanya sasa, ili usisubiri hadi mwisho wa jibu. Wavu wa samaki utoe leo. Zege la fundi likatae. Vibanda vya kulala usivijenge chini ya tuta, si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote. Kuogelea kusubiri mpaka ule unyevu ukaguliwe na mtu anayejua kazi hiyo na mpaka uwe na mahali palipotengwa kwa ajili ya waogeleaji. Kuvua kwa ndoano kutoka kwenye kingo za asili, mbali na tuta, mnaweza kuendelea nako.

Sasa sababu zake. Wahandisi huliita bwawa kubwa pale kimo chake kinapofika mita 15, hivyo kwa kipimo hicho lako ni dogo. Lakini tupige hesabu. Kwa bwawa lililo bondeni, ujazo hukadiriwa kwa kuzidisha eneo la maji kwa kina kikubwa, kisha kwa 0.4. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Zidisha kwa 4, kisha kwa 0.4, unapata mita za ujazo 16,000. Kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja. Ni tani 16,000 zilizokaa juu ya hiyo tambarare unayotaka wageni wako walale, na tuta likifunguka hazitoki kidogo kidogo. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 30 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 hubeba gari.

Ndiyo maana hatari ya bwawa haipimwi kwa kimo peke yake. Swali la kwanza la mkaguzi ni: likibomoka, nani yuko chini? Bwawa ambalo chini yake kuna malisho matupu huwekwa daraja moja, na bwawa hilohilo, tuta hilohilo, likiwa na watu wanaolala chini yake huwekwa daraja la juu kabisa la hatari hata kama halina ufa mmoja. Siku utakayomaliza vibanda vyako utakuwa umelihamisha daraja bwawa lako bila kuligusa.

Mfano wake upo. Huko Georgia, Marekani, kulikuwa na bwawa la udongo lililoitwa Kelly Barnes, lenye kimo cha mita 12 hivi. Kwanza lilitumika kuzalisha umeme mdogo. Baada ya mwaka 1957 umeme ukaachwa na maji yakabaki ya starehe tu. Chini yake kulikuwa na chuo na makazi ya wanafunzi na familia zao. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977, mnamo saa saba na nusu, baada ya mvua kubwa, tuta lilifunguka watu wakiwa usingizini, wakafa 39. Na huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Mara zote mbili ilikuwa usiku, wakati wa mvua, na waliokufa walikuwa wakiishi upande wa chini wa bwawa ambalo wengi hawakuwa na mamlaka yoyote juu yake. Ukijenga vibanda, walale upande wa juu, kwenye kingo ya asili iliyo juu kuliko mgongo wa tuta. Na mandhari ya maji utayaona vizuri zaidi ukiwa huko.

Tuje kwenye wavu. Sababu inayoongoza ya kubomoka kwa matuta ya udongo ni maji kupita juu yake. Udongo ulioshindiliwa huyazuia maji vizuri yakiwa yametulia upande mmoja, lakini hauvumilii maji yanayotiririka juu ya mgongo na kushuka upande wa nje. Yakishuka, hushika kasi, yakabandua majani pale palipo dhaifu, yakachimba kingazi kidogo. Kile kingazi hurudi nyuma kikimeng'enyuka hatua kwa hatua hadi kufika mgongoni, na hapo bwawa zima linapata mlango. Kinga pekee dhidi ya hilo ni utoro, yaani hiyo njia ya kutokea maji ya ziada uliyoitaja. Utoro ndicho kiungo muhimu kuliko vyote katika bwawa lako, nawe umeufunga wavu. Mvua ikija haileti maji peke yake. Huleta majani, matawi, mabua na magugu yanayoelea, na vyote vinanasa hapo. Inawezekana kabisa kwamba ile nusu mita iliyokutia hofu imetokana na wavu wenyewe.

Hakuna mfano unaonisikitisha kama wa mji wa Johnstown, Pennsylvania, Marekani. Bwawa la South Fork, lililokuwa juu ya mji huo, lenye kimo cha mita 22, lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa usafiri, kisha likauzwa kwa watu binafsi. Mmiliki mmoja aling'oa mabomba ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta na kuyauza, na hayakurudishwa tena, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kupunguza maji. Mwaka 1879 likanunuliwa na klabu ya matajiri ya uvuvi na uwindaji. Klabu ikashusha mgongo wa tuta ili barabara juu yake iwe pana na magari ya farasi yapishane, na ikaweka vyuma vya kuzuia samaki kwenye utoro. Tarehe 31 Mei 1889, mvua kubwa ilipofika, takataka zilijaa kwenye vile vyuma, maji yakapita juu ya tuta katikati, pale lilipokuwa limebonyea. Walikufa watu 2,209. Barabara pana na samaki wasiotoroka ni mambo ya kawaida ya kutaka mahali papendeze. Waliyafanya kwenye sehemu ambazo hazikupaswa kuguswa.

Kwa hiyo baada ya kutoa wavu, kaupime utoro wako. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uujaze maji kama mafundi wa ujenzi wanavyosawazisha msingi, na ulinganishe usawa wa sakafu ya utoro na usawa wa mgongo wa tuta. Upime mgongo katika sehemu nyingi, hasa katikati, maana tuta hutitia zaidi pale lilipo refu, na pia pale mifugo na watu wanapovukia. Sehemu ya chini kuliko zote ndiyo inayohesabika. Kwa bwawa la shambani, tofauti kati ya sakafu ya utoro na hapo kwa kawaida hutakiwa iwe mita moja au zaidi. Ukikuta imepungua, usianze kuchimba utoro mwenyewe uwe wa kina zaidi. Utoro uliochimbwa kwenye udongo laini bila kukaguliwa unaweza kuliwa na maji hadi ukawa ndio tundu la kulimaliza bwawa. Upana wake lazima ukokotolewe kutokana na eneo linaloleta maji bwawani na mvua za huko.

Sasa ule unyevu. Hapa nakuomba tuende taratibu, maana ndipo ushauri mbaya hutolewa kwa nia njema.

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Hilo peke yake si ugonjwa. Maji hupenya kutoka upande wa bwawa, yakashuka ndani ya tuta kwa mteremko, na kwa kawaida hutokea karibu na kitako chake, pale tuta linapokutana na ardhi. Hatari huanza pale maji yanapotoka yakiwa yamebeba chembe za udongo. Chembe ya kwanza hung'olewa pale maji yanapotokea. Ikitoka, njia ya maji inakuwa fupi kidogo, msukumo unaongezeka, chembe inayofuata inatoka kwa urahisi zaidi. Tundu linajichimba kinyumenyume, kutoka nje kwenda bwawani, ndani kwa ndani, huku juu ya tuta majani yakiwa yametulia. Kwa miezi au miaka linaweza kwenda polepole, lakini likikaribia maji ya bwawa mwendo hubadilika. Kwenye bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976, wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka mnamo saa moja asubuhi, na saa sita kasoro dakika tatu mchana bwawa lenye kimo cha zaidi ya mita 90 likabomoka. Lilikuwa jipya, likijazwa kwa mara ya kwanza.

Jirani yako anaposema udongo umeshashikana, ana sehemu ya ukweli: matuta mengi yenye kasoro huonyesha kasoro hizo katika ujazo wa kwanza na miaka michache inayofuata, nalo lako limepita hapo. Asichokihesabu ni kwamba bwawa huzeeka. Bomba la chuma hula kutu. Mizizi hukua, hufa na kuoza. Panya, kaa na wanyama wengine huchimba. Mgongo hutitia.

Na bomba ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote uliyoyaandika, kwa kuwa umesema unyevu uko karibu nalo. Ni vigumu kushindilia udongo vizuri chini ya ubavu wa bomba la duara, na mara nyingi hubaki nafasi ambayo maji huifuata kama njia yao. Tena angalia vali iko upande gani. Ikiwa iko nje tu, upande wa chini, basi bomba lote lililo ndani ya tuta limejaa maji yenye msukumo usiku na mchana. Likitoboka kwa kutu, maji yanafyatuka moja kwa moja ndani ya udongo wa tuta na hutayaona mpaka yatokeze mahali pengine.

Zege la fundi haliponyi hili. Ukiziba pale maji yanapotokea, hujayazuia kuingia. Yanaendelea kuja kutoka bwawani, yanakosa pa kutokea, msukumo unapanda ndani ya tuta, kisha yanatafuta pengine, labda juu zaidi kwenye mteremko, mahali ambapo udongo uliolowa unaweza kuporomoka. Na zege lenyewe litakufichia alama zote unazopaswa kuziona. Dawa sahihi ya mahali pa namna hii huwa ni kuyaachia maji yatoke huku udongo ukibaki: tabaka la mchanga unaolingana na udongo wa tuta, juu yake kokoto, kisha mawe ya kutia uzito, pamoja na mfereji wa kuyapeleka mbali. Saizi za mchanga na kokoto zina kanuni zake, zilizowekwa na Karl Terzaghi, mwanzilishi wa uhandisi wa udongo, na zinatumika hadi leo. Mchanga ukiwa na chembe kubwa mno, udongo unapita. Ukiwa laini mno, umeziba kama zege. Ndiyo sababu kazi hii nataka ifanywe na mhandisi.

Wakati unamtafuta, kuna uchunguzi unaoweza kuufanya mwenyewe. Nenda asubuhi, siku ambayo haikunyesha. Chomeka vijiti kuzunguka ukingo wa mahali penye unyevu, uone kama wiki zijazo unyevu utavuka vijiti. Kama kuna maji yanayotiririka, chimba kishimo kidogo hatua chache kutoka kwenye tuta (mbali na tuta lenyewe, tafadhali), yaelekeze yapite kwenye kipande cha bomba, na upime yanachukua muda gani kujaza ndoo ya lita 10. Kisha yakinge kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iache imetulia mpaka kesho yake. Angalia kitako cha chupa. Ukikuta ni safi, maji yanapita bila kubeba kitu, na una muda wa kupanga. Ukikuta tabaka la udongo laini au mchanga, tuta lako linaliwa, na hapo usisubiri. Andika tarehe, usawa wa maji bwawani, mvua, na muda wa kujaza ndoo. Mtiririko unaopanda na kushuka pamoja na usawa wa bwawa unaeleweka. Unaoongezeka ilhali bwawa liko palepale, huo ni dalili mbaya.

Miti, najua utaumia, lakini haifai juu ya tuta. Watu wengi huamini kwamba mizizi hushikilia udongo, na kwenye mteremko wa kawaida ni kweli. Kwenye tuta, mzizi mnene hufuata unyevu kuelekea ndani, na mti ukifa, mzizi huoza na kuacha mfereji tayari. Upepo ukiung'oa mti mkubwa, unaondoka na bonge la tuta, na pepo kali huja pamoja na mvua kubwa. Kivuli chake pia huua majani mafupi, ambayo ndiyo vazi linalofaa kwa tuta. Hata hivyo usichukue msumeno kesho. Miche na vichaka vyenye shina jembamba ving'oe au vikate sasa. Miti mikubwa iache mpaka mhandisi apange: ukiikata na kuacha visiki, ndani ya miaka michache unakuwa na mifereji iliyooza, na ukiving'oa visiki bwawa likiwa limejaa, unachimba shimo kwenye ukuta unaobeba maji. Kazi hiyo hufanywa maji yakiwa yameshushwa, na mashimo yakijazwa udongo wa aina ileile unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Na kama utashusha maji, yashushe polepole. Upande wa ndani wa tuta umelowa, na maji ya bwawa ndiyo yanayouegemeza. Ukiyaondoa ghafla, udongo unabaki na maji mazito ndani yake bila kitu cha kuuegemeza, unaporomoka. Kushusha kama sentimita 30 kwa siku, au chini ya hapo, ni mwendo wa tahadhari. Wapo wanaofungulia bwawa lote ili walisafishe kwa ajili ya waogeleaji, na kujikuta na tuta lililoporomoka nusu.

Haya, kuogelea. Bwawa si kama bwawa la kuogelea la hoteli. Chini yake ni tope, mteremko hubadilika ghafla hasa pale udongo wa kujengea tuta ulipochimbwa, na maji ni machafu kiasi kwamba aliyezama mita moja tu haonekani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao ni watoto na vijana. Anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini na mikono haina nafasi ya kupunga. Anaweza kutoweka ilhali watu wazima wanaongea pembeni yake.

Chagua sehemu moja kwenye kingo ya asili yenye mteremko mdogo, mbali na tuta, na utoro, na tundu la bomba la kuchotea maji. Ingia wewe kwanza ukiwa umevaa jaketi la kuokoa maisha, na fimbo ndefu mkononi, upime kila hatua. Zungushia kamba yenye maboya mahali kina kisipopita kiuno cha mtu mzima, na kwa watoto wadogo kiwe kidogo zaidi ya hapo. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, hanywi pombe, hana simu mkononi, na ajue kuogelea. Weka pale dumu tupu lililofungwa vizuri, lenye maji kidogo ndani ili lirushike mbali, na kamba ndefu. Aokoaye arushe dumu, asijitose. Kupiga mbizi kutoka juu pasiwepo kabisa. Mtumbwini, kila mtu avae jaketi, anayejua kuogelea na asiyejua.

Kuhusu lile tundu la bomba, fikiria hivi. Kwenye kina cha mita 4, kama bomba limefunguliwa upande wa chini, tundu la upana wa sentimita 30 linaweza kuuvuta mwili kwa nguvu inayofika uzito wa karibu kilo 280. Hakuna wa kumnasua mtu hapo kwa mikono. Vali ifungwe na kufuli kila watu wanapokuwa majini, na tundu liwe na kizuizi cha vyuma kilicho mbali kidogo na mdomo wake.

Maji yenyewe nayo yapimwe. Katika nchi za joto, penye maji yaliyotulia, magugu na konokono, kichocho kinawezekana. Vimelea hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Ukiona mwani wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika juu ya maji, funga kuogelea na uwazuie mifugo na mbwa, kwani baadhi yake hutoa sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Mifugo inywe kwenye birika nje ya uzio, isiingie bwawani. Na kama kuna mamba au viboko katika mto wowote unaokutana na bonde lako, jibu la kuogelea ni hapana.

Juu ya tuta lenyewe pasiwe na kitu: pasiwe na gati, mahema, moto, nguzo za miavuli, wala kuegesha magari. Kijia kinachokanyagwa na watu hugeuka mfereji wa mvua. Injini za boti sizishauri kwenye maji ya hekta moja. Mawimbi yake hula kingo na tuta.

Ukipata majibu ya mkaguzi, utakuwa na njia tatu za kweli. Kukarabati vyema, ambako kwa bomba la zamani kunaweza kuwa kazi kubwa na ghali. Kulibomoa kwa mpango na kurudisha bonde, jambo ambalo baadhi ya wamiliki hulifanya na si aibu. Au kushusha usawa wa maji moja kwa moja kwa kujenga utoro mpya ulio chini zaidi. Hii ya tatu watu huisahau. Katika bonde la kawaida, ukishusha kina kutoka mita 4 hadi 3 unaondoa karibu nusu ya ujazo wote, kwa kuwa maji mengi yako juu, penye upana. Msukumo kwenye lile bomba unapungua, nafasi ya mafuriko inaongezeka, na bado unabaki na maji ya kutosha kuvua na mtumbwi. Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningeanza kuifikiria hiyo.

Kuna na upande wa sheria. Mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, majaji wa House of Lords nchini Uingereza waliamua kwamba aliyekusanya maji kwenye ardhi yake anawajibika yakitoroka na kumdhuru jirani, hata kama yeye mwenyewe hakuwa mzembe. Katika kesi ile maji ya bwawa la kinu yalikuwa yamepita kwenye mashimo ya zamani ya migodi hadi kufurisha mgodi wa jirani. Nchi nyingi zinazofuata mfumo huo wa sheria bado zinatumia msingi huo kwa namna moja au nyingine. Uliza mamlaka ya maji ya nchi yako kama bwawa lako limesajiliwa na kama linahitaji kibali upya kwa kuwa umebadilisha matumizi.

Mwite mhandisi wa mabwawa mara moja, bila kungoja wiki, ukiona lolote kati ya haya: maji ya tope kitakoni, unyevu mpya mahali palipokuwa pakavu, ufa mgongoni, shimo lililotitia, sehemu ya mteremko iliyobonyea au kutokeza tumbo, au maji yakizunguka kwenye uso wa bwawa mahali pamoja. Kama tope linatoka kwa nguvu, usianze na koleo. Anza na watu: waondoe wote walio chini, wapigie simu majirani hadi umbali ambao bonde linafika, uarifu mamlaka, ndipo ufungulie vali kama unaweza kuifikia bila kupita juu ya tuta wala chini yake. Orodha ya simu hizo iandike wiki hii, pamoja na mahali pa juu ambapo kila familia itakimbilia usiku, na uwape majirani nakala.

Mhandisi akija, mwandalie vipimo vya mpira wa maji, ile chupa, daftari la ndoo na mvua, na picha za mguu wa tuta kutoka mwisho hadi mwisho. Mwulize yule mwenye shamba wa kwanza, kama yupo, bomba lina umri gani, ni la nini, vali iko wapi, na kama tuta liliwahi kukarabatiwa. Na samaki, kama ndio waliokufanya uweke wavu, wataalamu wa ufugaji wanaweza kukushauri spishi zisizopenda kufuata maji yanayotoka. Wachache watakaotoka na mafuriko, waache waende.